Tanga la Jora Zima

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka mkono hunipanda wenyewe kifuani. Jana uliniuliza, kwa kuwa unataka kuitia mashua yako ya safari tanga la mbele, kama uchukue lile kubwa au lile la kadiri, ukanambia bei zake hazipishani sana. Hapo uliposema bei ndipo niliposhituka. Kaa nikueleze.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Waingereza, kabla ya Mapinduzi. Mimi kijana wa Msuka, sina chombo, sina shamba la karafuu, lakini mdomo ninao. Mtu akitaka kununua kitu Wete, kiwe sufuria au mbuzi, alinichukua mimi nikampatanie. Kila kitu nilikihesabu mara mbili, na wenye maduka wakiniona nakuja hukumbuka kwamba wana kazi nyuma ya duka.

Binamu yangu Kombo alikuwa na mashua, akipakia watu na mizigo baina ya Msuka na Wete. Tanga kubwa alikuwa nalo. Alitaka la mbele, lile la pembe tatu linalofungwa kwenye dasturi, ile boriti inayochomoza omo, mbele ya chombo. Tukaenda dukani. Muuza nguo akamuuliza Kombo chombo chake kina urefu gani, swali la maana sana, nami nikaingia kati kabla Kombo hajajibu. Nilikuwa nimeshaliona jora la merikani nzito limekaa peke yake rafuni, na jora likishakatwa, kipande kinachobaki muuzaji hana wa kumuuzia. Nikamwambia, "Tunachukua jora zima, na wewe tupe uzi na kamba ya pindo." Tukavutana mpaka adhana ya adhuhuri. Tulitoka na jora, uzi, kamba, na sindano ambazo mpaka leo sijui alitupa kwa hiari au kwa kuchoka.

Basi kwa kuwa nguo ilikuwepo, ikashonwa yote. Hatukuipima mashua, mwanangu, tulilipima jora. Kuikata nguo iliyopatikana kwa bei ile tuliona ni dhambi. Tanga likaanzia omo, likaupita mlingoti, likarudi nyuma mpaka karibu na kiuno cha chombo, na pindo lake la chini likawa linafagia ubavu. Watu pwani wakasema mashua ya Kombo imevaa kanzu. Nikacheka nao, maana kanzu hiyo nimeinunua mimi.

Ami Faki, mdogo wake marehemu baba, ndiye pekee aliyelitazama asicheke.

"Zuri," alisema. "Na upande wa pili kuna nini?"

"Upande wa pili wa nini, ami?"

"Basi," akasema, akaenda zake.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, kusi inavuma kwa adabu. Nilikuwa na Ami Faki kwenye ngalawa yake, tumetia nanga nje kidogo ya mwamba, tunavua kwa mishipi. Tukaiona mashua ya Kombo inarudi kutoka Wete na abiria, tanga la mbele limejaa, na kusema kweli lilikuwa linapendeza. Ilikuwa inatujia sisi.

Kwetu, aliyetia nanga hunyanyua kafi, na aliye kwenye tanga humpisha. Hakuna mkubwa wala mdogo katika hilo. Nikanyanyua kafi.

"Kombo huyo," nikasema. "Atapinda."

"Mnyanyulie tena," akasema ami.

Nikanyanyua tena. Nikaita. Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwona; niliona nguo tu. Ikakaribia mpaka nikaiona ile mishono ya chini niliyoisimamia mwenyewe. Nikafahamu kwamba mimi naiona mashua nzima, na ndani ya mashua nzima hakuna anayeniona mimi.

Ikatupanda. Ndubi ya ngalawa, ule mti wa pembeni unaoizuia isipinduke, ilivunjika kama muwa, na nikajikuta majini, chumvi imenijaa puani. Mabaharia wa Kombo walipigwa na bumbuazi. Mmoja akaifungua kamba, na tanga la mbele likashuka lote, likajitandaza juu ya bahari.

Ngalawani tulikuwa wawili. Nikahesabu vichwa juu ya maji: kimoja. Unanijua, nikahesabu tena. Kimoja, na hicho ni changu.

Kule juu mashuani mwanamke mmoja alikuwa amejiziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Kisha nikaona nguo inafura mahali pamoja, inashuka, inafura tena. Nikaogelea nikaivuta. Merikani iliyorowa ni nzito kama mlango, na ile ilikuwa jora zima. Naivuta upande huu, inakuja nyengine, haina mwisho. Hujui wingi wa nguo mpaka uutafute ukingo wake na mtu wako yuko chini.

Kikatokea kisu. Pale katikati ya nguo ikachomoza ncha ya kisu cha kukatia chambo, ikapasua, na kwenye ule mpasuko kikatoka kichwa cha Ami Faki, kitupu bila kofia, macho mekundu. Akavuta pumzi kwa sauti ambayo bado ninayo masikioni. Akatema maji. Akanitazama.

"Nguo imara," akasema. "Hawakukupunja."

Leo nacheka. Siku ile mabaharia walitupandisha mashuani, nami sikuuachia mkono wa ami mpaka tulipofika pwani.

Kombo alimwangukia ami miguuni. "Sikukuoneni, ami. Wallahi sikukuoneni."

"Najua. Ungenionaje na wewe umekaa nyuma ya ukuta?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe uliiona mashua, ukadhani nayo yakuona. Yakhe, mwenzio ulimnunulia tanga au pazia?"

Hakudai fidia. Alitaka ngalawa yake itengenezwe, kisha lile tanga likatwe mbele yake. Ngalawa ilipokuwa tayari, mashua ikatiwa nanga karibu na pwani, tanga la mbele likapandishwa, Kombo akakaa kwenye usukani. Ami akaisogeza ngalawa yake mbele, upande ule tanga linakolalia, akakaa chini kama mtu anayevua. Mimi nilisimama omo na kipande cha mkaa, nalikunja pindo la chini kidogo kidogo.

"Kombo, waniona?"

"Bado, ami."

Nikakunja.

"Waniona?"

"Naona kofia."

"Kofia huelea hata mwenyewe akishazama. Kunja."

Nikakunja, huku roho inaniuma kwa kila upana wa kiganja.

"Naona macho, ami."

"Tia alama."

Na upande wa nyuma akataka tanga liishie kwenye mlingoti. Tukakata. Nilitaka kuuliza kile kipande kilichobaki kinakwenda wapi. Ami akanitazama tu, nikakikunja nikampa. Kikawa tanga la ngalawa yake. Ule mpasuko wa kisu akaamuru ushonwe kwa uzi mweusi, ili kila nikipanda mashua ile niuone.

Mashua haikupungua mwendo wa kukufanya uchelewe sala. Kombo mwenyewe alisema usukani umekuwa mwepesi. Zamani lile tanga liliusukuma omo pembeni siku nzima, mkono ukamfa ganzi, na upepo ukizidi alihitaji watu wawili wa kuishika kamba. Sasa alitosha mmoja.

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda Wete, bei iulize mwisho. Tanga la mbele la chombo cha safari lichague kwa upepo unaokutana nao siku nyingi, si kwa ile siku moja ya kujionesha, na kwa mikono utakayokuwa nayo siku wenzio wanaumwa. Liishie kwenye mlingoti. Na kabla fundi hajatia mkasi, mkalishe mtu kwenye ngalawa mbele yako, nawe ukae usukanini, mtazamane. Usipoyaona macho yake, tanga hilo ni kubwa, hata wakikupa bure. Na wakikupa bure, niite kwanza.

Mungu akujaalie upepo wa kadiri, akufikishe uendako, na kila anayekuona baharini akujaalie nawe umwone. Amin.