Siku Niliyompa Mkwe Mgongo

Nyie vijana mtakaosoma haya, wajukuu zangu na wasio wangu, kaeni vizuri. Mkilala kifudifudi huku mnachungulia simu hamtaelewa kitu. Habari hii mnasimuliana kila mahali na kila mtu anaitia chumvi yake. Mmoja anasema nilichukuliwa na maji nikaokolewa na wanajeshi. Mwingine anasema bibi aligombana na chakula mbele za watu. Sikugombana na chakula. Nilizungumza nacho, na nilikuwa na sababu. Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Binti yangu kitinda mimba anafundisha shule ya msingi mjini, anakaa Likombe kwa kaka yake. Wenzake waliolewa, wakazaa, wengine wakaachika wakaolewa tena, yeye bado anasahihisha madaftari. Ndipo akapata mchumba. Kijana wa Singida, anafanya kazi bandarini kwenye kupakia korosho. Nikaambiwa ni mrefu, hanywi, anaswali. Wazazi wake walikwisha kufariki, alilelewa na shangazi yake, na kauli yote ilikuwa kwa huyo shangazi. Shangazi alisema hivi: nitakuja Mtwara mara moja tu, nimsikie mama wa msichana kwa masikio yangu akisema amempokea mwanangu. Asiposema, tunatafuta kwingine. Binti yangu aliposikia hivyo alikonda mpaka sketi zikawa zinamzunguka.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Kwetu Mpapura, nilivyolelewa mimi, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni wala hawali mbele ya macho ya mwenzake. Mkwe akimwona mama mkwe anakuja njiani, anaingia kwenye mihogo mpaka apite. Huo si ugomvi, ni heshima. Ukitaka kusema naye, unasema na kitu kilicho jirani, mtoto, kuku, hata chungu, na yeye anasikia pembeni. Marehemu mama yangu alimwagiza mume wangu kuni miaka yote kwa kumwambia mbuzi. Na kuni zilikuja.

Wengi wameiacha desturi hii. Siku hizi wanakula na wakwe zao sinia moja na kugombania firigisi. Mimi sijaiacha, na binti yangu anajua sijaiacha. Lakini mchumba wake alimwambia hivi binti yangu alipoulizwa habari zangu: "Mama yangu? Ah, mama yangu ni mtu wa kisasa." Na mimi akaniambia, "Mama, tutaonana na shangazi tu. Tutakwenda Shangani ufukweni, tutakula vitu vya baharini, mtazungumza kinamama." Nikavaa kanga mpya nikaja mjini.

Shangani ni mtaa mzuri, sisemi uongo. Nyumba zina kuta na maua, barabara ina kivuli, na upepo wa bahari unaingia mpaka ndani ya shingo. Bajaji ilitushusha penye bustani ya kupumzikia. Kulikuwa na bembea za watoto na twiga wa zege mwenye shingo fupi, nadhani saruji ilimwishia fundi. Watu wazima walikuwa wanatembea ufukweni. Nikamuuliza binti yangu wanakwenda wapi.

"Hawaendi popote, mama. Wanatembea tu."

Nikawatazama. Kweli, mtu anakwenda mpaka mwisho, anasimama, anageuka, anarudi alikotoka. Hajabeba kitu, hajafuata kitu. Mimi nikifanya hivyo Mpapura wataniitia mganga.

Mkahawa wenyewe umetandaza meza mchangani, viti vya plastiki, chini ya mivinje. Shangazi alikuwa amekwisha kufika. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, amevaa sweta la sufu mchana kweupe kwa kuogopa upepo. Tukaamkiana vizuri, tukapendana upesi. Maji yalikuwa yametoka, mchanga mtupu mpaka mbali.

"Dada," akaniuliza, "haya maji yamekwenda wapi?"

"Yametoka. Yatarudi."

"Na yakirudi, nani anayasimamisha?"

"Yanasimama yenyewe."

Hakuridhika. Akasogeza mkoba wake juu ya meza.

Mhudumu, msichana mchangamfu, akaja na sahani ya pweza wa kuonja. Shangazi akamtazama yule pweza muda mrefu. "Huyu ana mikono mingapi?"

"Minane, mama."

"Ya kazi gani yote hiyo, na hafugi wala halimi?" Akaagiza kuku.

Mimi binti yangu aliniagizia kamba koche, yule mkubwa mwenye magamba na masharubu marefu kama fito. Alipoletwa, mwekundu, macho yamemtoka, shangazi akasema, "Astaghafirullah, mdudu huyo," akageuka upande wa pili. Hakuuliza jina lake.

Nilikuwa ndiyo kwanza namvunja mguu mmoja, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo mama."

Sauti ilitoka juu sana. Nikajua ni yeye.

Nikajifunika kanga mpaka puani nikageuza kiti. Kijana wa watu amelelewa vizuri, anajua mkubwa anaamkiwa kwa mbele, mtu ukiwa umeinama. Akazunguka meza aje mbele yangu. Nikageuza kiti tena. Akazunguka tena. "Shikamoo mama." Nikageuza. Meza ya jirani wakaacha kula wakatutazama, yeye anazunguka kama anatafuta mlango wa nyumba, mimi nazunguka kama jiwe la kusagia. Miguu ya kiti ilichimba duara mchangani. Mwishowe akasimama kupumua.

"Mama hasikii vizuri?" akamuuliza binti yangu.

"Anasikia," binti akasema kwa sauti nyembamba. "Anapenda tu kuangalia bahari."

Shangazi akadakia, "Bahari anaishi nayo! Mimi niliyetoka Singida ndiye ningeikodolea macho."

Nikamvuta binti yangu karibu, nikamnong'oneza, "Umenidanganya. Umeniletea mkwe mezani."

"Mama, nilidhani ukishamwona utazoea."

"Nimwone kwa macho gani? Mwambie."

"Nikimwambia sasa nitaonekana mwongo, mama."

"Na ni mwongo."

Tukapishana maneno mama na mwana, chakula kinapoa. Nikaona njia ni moja. Nikabeba kiti changu kwa mkono mmoja na sahani yangu kwa mkono wa pili, nikaenda mbele, mbali kidogo, kwenye mchanga mgumu uliolowa, nikakaa na mgongo wangu kwao. Hapo nitakula bila kumwona, naye atakula bila kuniona nikitafuna. Kwangu mimi hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote niliyoweza kumpa mtu siku ile. Nilihama kwa ajili yake mpaka baharini.

Ila wao hawakulijua hilo. Yule kijana akanifuata na bakuli la ndimu, nikasikia viatu vyake, nikapunga mkono kwa nyuma kama ninavyofukuza kuku. Akarudi.

Nikala. Kamba koche ana kazi, huwezi kumla huku una hasira nyingi. Nikamaliza mkia nikaingia kichwani. Miguu ikasikia baridi. Kutazama chini, maji yamefika kwenye vifundo. Nikataka kuinuka, kiti kikainuka na mimi. Mimi ni mwanamke mwenye mwili, na kile kiti kilikuwa na mikono miwili ya plastiki iliyonikamata kiunoni. Mbele ya kiti ilinyanyuka, miguu ya nyuma ilikuwa imezama mchangani haitoki. Ili nijinasue ilibidi niiname sana mbele. Sasa fikirini, nyie wasomi. Niiname sana mbele, na nyuma yangu kuna mkwe. Bora maji.

Nikakaa. Maji yakapanda mpaka nusu ya muundi. Upepo ulikuwa unatoka nyuma, kwa hiyo walichosema mezani nilikisikia chote.

"Tuondoke," shangazi alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Kwetu mtu akikupa mgongo amekwisha kukufukuza. Na huyu hakutupa mgongo tu, ametuhama na kiti. Yuko radhi kukaa na maji kuliko kukaa na sisi."

"Shangazi, subiri kidogo," kijana akasema.

"Nisubiri nini? Umemwamkia mara ngapi? Hata mlango hufunguka. Chukua mkoba wangu."

Binti yangu akaanza kulia. Analia kama alivyokuwa analia alipokuwa mdogo, kwa kwikwi, pumzi zinakwama. Nilimzaa nikiwa nimekwisha kukata tamaa ya kuzaa, na sijawahi kumwona anataka kitu kwa moyo wote kama alivyomtaka yule mrefu. Akaja mbio mpaka ukingoni mwa maji.

"Mama, wanaondoka! Sema neno moja tu. Moja!"

Niseme na nani? Shangazi yuko upande mmoja na mkwe, nikimjibu shangazi nimemjibu na mkwe. Binti mwenyewe ndiye anayeposwa, hawezi kuwa mjumbe. Mtoto hapakuwa na mtoto, kuku alikuwa kwenye sahani ya shangazi. Nikatazama huku na huku. Aliyekuwa karibu yangu ni yule kamba, yaani kichwa chake, na masharubu mawili yaliyobaki. Nikamwinua juu ili waone nasema na nani, nikapiga kelele kushinda upepo.

"Kamba! Nisikilize, kamba! Mwambie huyo mwanangu wa Singida—"

Upepo ulikuwa unanipiga usoni... hapana, nisiongope, ulikuwa unatoka kwao unakuja kwangu, na maneno yangu ukayasukumia majini. Kilichofika mezani kilikuwa neno moja.

"Anasema nini?" shangazi akauliza.

"Anasema kamba," mhudumu akamjibu.

Mtu wa Singida kamba anayoijua ni moja, ya kufungia ng'ombe. Shangazi akatupa mkoba. "Maskini dada yangu! Kumbe amenasa! Anaomba kamba, na sisi tumekaa tunamsema! Leteni kamba! Anazama mama wa watu!"

Nikazidi kupiga kelele, "Kamba, waambie nimekubali!" Na kila nilipotaja kamba, shangazi naye alidakia, "Inakuja, dada! Inakuja!" Akaingia majini na sweta lake, yeye aliyekuwa anaogopa hata kuyatazama. Mhudumu alikimbilia bustanini akafungua kamba ya bembea. Mtoto mmoja akabaki ameshika kibao cha kukalia, analia.

Hapo binti yangu akaona uongo umemfikisha mwisho. Akamshika mchumba wake shati, akamweleza yote palepale, haraka haraka, kwamba mama hakukatai, mama anakuheshimu, usimtazame, usimguse, usimwite. Nikasikia kijana anacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo.

Mhudumu akafunga kamba kwenye mgongo wa kiti. Mwisho wa pili akapewa mkwe. Akanigeuzia mgongo, akaielekea barabara, akaiweka kamba begani, akavuta kama maksai. Kiti kikalia, mchanga ukanyonya, kikatoka. Nikaenda kinyumenyume ufukweni, nimekaa wima, kanga kichwani, kamba wangu mkononi, shangazi kando yangu analowa na kunishikia sahani. Mkwe hakugeuka hata mara moja. Hata alipogonga twiga wa zege kwa bega hakugeuka.

Kulipokauka nikamwinua tena yule kamba. Sasa kulikuwa kimya.

"Wewe kamba," nikasema, "mwambie huyo anayevuta kwamba nimempokea. Mwambie binti yangu ni mvivu wa kuosha vyombo, asije akasema hakuambiwa. Na mwambie mama yake amekwisha kufika pakavu, asimame sasa, amenivuta inatosha."

Shangazi akanitazama, akamtazama yule kamba, akamtazama mwanawe aliyesimama amempa twiga uso. "Dada," akasema, "kwa hiyo unaongea na mdudu?"

"Naongea na mkwe wangu."

"Na huyo mdudu ndiye anaitwa kamba?"

"Ndiye."

Akakaa chini mchangani na sweta lake linachuruzika. Alicheka mpaka nikadhani amepata kifafa. Kisha akainuka akapiga kigelegele kirefu, cha kwao, na wale waliokuwa wanatembea bila kwenda popote wakasimama wakapiga makofi. Mzee mmoja akamuuliza mhudumu mchezo huu unaonyeshwa kila siku au mwisho wa wiki tu.

Kiti kilinitoka baadaye kwa mafuta ya kupikia, nyuma ya jiko, wanawake peke yetu.

Jioni tulikuwa Likombe kwa mwanangu, shangazi kavaa kanga yangu. Binti akaja kunipigia magoti, akaomba radhi, nikampa. Halafu akajisahau akasema, "Lakini mama, kwa kuwa tumekwisha kucheka wote, si uiache tu sasa desturi hii?"

Nikamwambia mtu aliyenivuta njia nzima bila kugeuza shingo sitamlipa kwa kumkodolea macho. Shangazi akasema kweli kabisa. Nikawaita wote waliokuwa nyumbani, mwanangu na mkewe na wajukuu, nikasimama mlangoni nikasema:

"Posa ije Ijumaa, Mpapura. Pikeni wali na kuku, sitaki mdudu wa baharini. Mkwe ale barazani, mimi nitakula jikoni, na mlango wa kati ufungwe. Na jikoni mniachie kuku mmoja aliye hai, nina maneno ya kumwambia."