Likizo Niliyokunja Shashi

Watu wa mtaa wetu waliamua kwamba nitakuwa nesi kabla mimi sijaamua lolote. Sababu yao ilikuwa moja tu: mimi si mtu wa maneno. Akina mama wa kanisa wakikutana na mama sokoni Jericho, hapa Nairobi, walimuuliza, "Na yule wako mpole, nesi wetu, hajambo?" Nikipita na ndoo ya maji, mtu angesema kutoka mlangoni, "Ona alivyotulia. Huyo mkono wake hautaumiza mgonjwa."

Sikuwa mpole. Nilikuwa naona haya, basi. Haya na upole vikipita barabarani pamoja huwezi kuvitofautisha, ni kama mapacha waliovalishwa nguo moja. Ndani yangu nilikuwa na maneno mengi mno, na yote nilikuwa nayaandika kwenye daftari ninalolaza chini ya godoro. Mdomoni hayafiki.

Likizo ya Agosti mwaka huo ndipo nilipotakiwa kusema. Shangazi yangu, dada ya baba, ni mpishi kwenye hospitali ya misheni huko kwetu magharibi, na hospitali hiyo inafunza manesi. Alikuwa ametuambia kwamba angeweza kunizungumzia kwa wakubwa, lakini ni lazima ajue kabla shule hazijafunguliwa kama nataka au sitaki. Mama alitaka. Baba, ambaye ni karani wa reli, alitaka nijifunze kupiga taipu.

"Ofisini kuna kiti," alisema baba tukila. "Umewahi kuona nesi amekaa?"

"Kuna wanaokaa," mama akasema.

"Wale ni wagonjwa."

Kaka yangu alicheka hadi ugali ukamkwama, akamgeukia mama. "Mathe, huyu siste atauliza wagonjwa aje? Atawaandikia barua? Mtu atakufa akingoja kusalimiwa 'sasa?'"

Baba hakucheka. Alinitazama, kisha akasema, "Si mimi wala mama yako tutakaovaa hiyo yunifomu. Utaniambia mwenyewe, kwa mdomo wako." Nikainamisha kichwa juu ya sahani. Sikujua kipi kilinitisha zaidi, unesi au hilo la kwa mdomo wangu.

Basi mama akaongea na sista, nesi msimamizi wa kliniki ndogo iliyo nyuma ya kanisa letu, ili niende nikaone kazi yenyewe. Sista ni Mkikuyu mnene kutoka Nyeri, ana mwendo wa haraka na viatu visivyotoa sauti. Alinipeleka chumba cha nyuma, akanionyesha robota la shashi, kile kitambaa chepesi cheupe cha kufungia vidonda. Alikata kipande, akakikunja polepole mbele yangu.

"Ncha zinaenda ndani," alisema. "Hapa, halafu hapa, halafu hapa. Ukimaliza usione ncha hata moja. Ncha ikibaki nje inatoa nyuzi, na nyuzi zinaingia kwa kidonda. Umeelewa?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Hapa tunajibu, mami."

"Ndiyo, sista."

Nikaachwa na lile robota.

Agosti ya Nairobi haina jua. Mwanga unakuwa kama maji ya mchele, na kwenye kile chumba ulikuwa unapita kwenye kioo kizito cha dirisha na kutua juu ya shashi, nisijue mwanga unaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi. Kwenye kona kulikuwa na mtungi wa mvuke wa kuchemshia vifaa, juu ya stovu, nao ulikuwa unanong'ona mchana kutwa. Nilikata, nikakunja, nikapanga ndani ya mkebe mkubwa wa bati. Sauti za watoto na za mama zao kwenye benchi la nje zilinifikia kwa mbali, kama za watu walio ng'ambo ya mto.

Na mikono yangu ikishazoea, mimi mwenyewe niliondoka. Nilienda kwenye wodi yangu. Ilikuwa ndefu, haina mwisho, ina vitanda pande zote mbili na shuka zilizonyooka, na madirisha yake yalikuwa yamefunguliwa kwa upepo ambao haukumpuliza mtu yeyote. Nilikuwa natembea katikati nimevaa nyeupe. Wagonjwa wangu wote walikuwa wamelala, wasafi, hawana harufu, hawaniulizi kitu. Mmoja mmoja alikuwa anafungua macho, ananishukuru kwa kunitazama tu, halafu anayafunga tena. Jioni niliandika kwenye daftari: nafikiri nimeipata kazi yangu. Niliandika pia kwamba pengine Mungu aliniumba kimya kwa sababu ya ile wodi.

Nilimwona sista akifanya kazi, lakini kwa kuchungulia tu. Alikuwa anaongea bila kupumzika. Aliwatania wazee, akawakaripia akina mama, watoto wadogo wa kike akiwaita shosho, kama nyanya zao, na wa kiume akiwaita mzee. Nilidhani ni tabia yake, kama watu wengine wanavyopenda kuimba wakifua.

Halafu siku moja akaletwa mtoto wa mama mmoja anayeuza vitunguu sokoni. Ni msichana, pengine wa miaka minne. Siku chache kabla ya hapo uji ulikuwa umemmwagikia pajani, sufuria ikiwa juu ya stovu sakafuni, kama ilivyo nyumba nyingi hapa kwetu. Alikuwa ameshafungwa mara moja, na sasa amerudi kubadilishiwa bandeji. Mimi nilikuwa nimeleta mkebe wa shashi na nikakawia mlangoni.

Sista alilowesha bandeji kwa maji ya chumvi, akangoja, akalowesha tena, huku akimuuliza mtoto kama ni kweli amekula mbuzi mzima peke yake. Ile shashi ikaanza kubanduka. Kisha sista akanyamaza. Sikuwa nimewahi kumsikia akinyamaza.

Aliinama. Akachukua koleo dogo, akavuta kitu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa uzi. Mweupe, mwembamba, na mwisho wake una damu.

"Zimejaa hapa," alisema, si kwa mtu yeyote. Akakitazama kile kipande cha zamani alichokitoa, akakigeuza upande huu na huu. Ncha zilikuwa nje. Halafu akanitazama mimi.

Nilijua. Sikuwa na haja ya kuambiwa. Kipande hicho nilikikunja nikiwa kwenye wodi yangu ndefu, wakati mgonjwa fulani ananishukuru kwa macho.

"Osha mikono," sista akasema. "Kuja ushike mguu."

Nilitamani anipigie kelele, nipate sababu ya kukimbia. Hakupiga. Nikaosha mikono hadi viwiko kama nilivyomwona akifanya, nikashika ule mguu mdogo kwenye goti na kifundo. Ulikuwa na joto, kama mkate. Nyama ya paja ilikuwa nyekundu na inang'aa, na nyuzi zangu zilikuwa zimelala ndani yake kama nywele kwenye sabuni.

Uzi wa kwanza ulipovutwa mtoto alilia sauti ambayo bado ninayo masikioni. Alinitazama mimi, si sista. "Mbaya! Huyu ni mbaya! Mama, huyu mbaya!"

"Mwongeleshe," sista akasema bila kuinua kichwa.

"Nimwambie nini, sista?"

"Chochote. Mimi macho yangu yako huku. Ukinyamaza, hana kitu kingine cha kusikia isipokuwa uchungu."

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mtoto akalia. Mama yake, ambaye alikuwa amemshika mabega, alinitazama kama mtu anayengoja basi lililochelewa. Sista akavuta uzi mwingine.

"Kwetu," nikasema. Sauti ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua. "Kwetu jirani ana kuku analala juu ya redio."

Mtoto alivuta kamasi. "Redio gani?"

"Ile kubwa, ya mbao. Ina joto juu. Habari zikianza anashuka anaenda nje. Muziki ukirudi, na yeye anarudi."

"Uongo!"

"Haki ya Mungu. Hapendi habari."

Mama mtoto alicheka kwa pua. Nikaendelea. Nikamwambia kuhusu yule bwana wa upande wa pili mwenye shati moja zuri, ambaye akilianika huketi kwenye kigoda kulichunga, na akiitwa ndani analianua bichi na kuingia nalo. Mtoto akauliza kwa nini hanunui lingine. Nikasema nafikiri akinunua la pili itabidi aketi nje siku mbili. Nikamwambia kuhusu nyanya anayewasalimu paka wote kwa Kijaluo kwa sababu anasema paka wa Kikuyu hawana adabu, na sista, aliyeinamia kile kidonda, akasema, "Heh! Ndio nini hiyo?" lakini koleo lake halikutikisika.

Yote haya yalikuwa kwenye daftari langu. Sikuwa nimewahi kuyasikia kwa masikio. Yalikuwa yanatoka moja baada ya jingine, na mimi mwenyewe nikawa nayasikiliza kwa mshangao, kama barua ninayosomewa na mtu mwingine.

Nisidanganye kwamba yalikuwa dawa. Mtoto alilia bado, katikati ya kuku na shati, na mara moja alinifinya mkono hadi akaacha alama. Uchungu ulibaki palepale. Ila alikuwa anaenda na uchungu na kurudi, na aliporudi alinikuta bado naongea.

Walipoondoka, sista alimwaga maji, akasugua sinia. "Ukitaka kulia, lilia huko stoo," alisema. "Halafu toa shashi zote kwa mkebe, uzifungue, uangalie moja moja."

Nililia kidogo. Halafu nikazifungua zote. Nyingi zilikuwa sawa. Chache hazikuwa, na nilipoiona kila iliyokosewa nilikumbuka nilikuwa naota nini wakati huo. Nilijaribu kurudi kwenye wodi yangu, mikono ikikunja, lakini sikuiona tena. Kila kipande sasa kilikuwa na ngozi ya mtu chini yake. Mwanga ulikuwa uleule wa maji ya mchele, mtungi ulinong'ona vilevile, na bado palikuwa pazuri. Lakini nilikuwa macho.

"Bado unaitaka hii kazi?" sista aliniuliza tukifunga.

"Sijui, sista."

"Haya. Keshokutwa huyo shosho anarudi. Na wewe urudi."

Usiku huo sikuandika kitu. Nilifikiria taipu: chumba cha mashine, kila mmoja na mashine yake, ukikosea unatupa karatasi na kuanza nyingine. Ilinivutia sana, sitaki kusema uongo. Karatasi hailii.

Siku hiyo ilipofika nilikwenda mapema. Benchi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mtoto aliponiona tu alipiga yowe na kujificha ndani ya leso aliyojifunga mama yake. "Simtaki huyu! Ni yule mbaya! Simtaki!"

Watu wote wa benchi waligeuka kunitazama. Mzee mmoja akasema, "Kwani umemfanyia nini?" Mama mtoto akaona aibu kwa niaba yangu. "Msamehe, nesi, ni utoto."

Siku zote hilo ndilo jambo nililoliogopa kuliko yote duniani: watu wengi kunitazama pamoja, na mmoja wao kusema kwa sauti kwamba hanitaki. Kwa jambo kama hilo nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba ili nisipite mbele ya mlango wenye watu. Nikangoja haya zije zinimeze. Nilisimama pale nikizingoja. Nikagundua kwamba wakati huo wote nilikuwa nalitazama lile paja, ncha ya bandeji iliyochungulia chini ya leso, nikijiuliza kama iko kavu, kama haina harufu, kama hakuna uzi uliobaki.

"Sawa, usinitake," nikamwambia mtoto. "Lakini mguu nataka kuuona. Wewe baki na hasira zako, uniletee mguu peke yake."

Benchi likacheka. Mtoto hakucheka. Alifikiria kidogo, kisha akatoa mguu nje ya leso, uso ukabaki ndani.

Jumapili kabla shule hazijafunguliwa nilimkuta baba kizingitini akipiga viatu vyake rangi. Nilisimama nyuma yake, yeye akijua nipo.

"Baba."

"Eeh."

"Nataka unesi."

Hakugeuka. "Ni mama yako amekutuma?"

"Hapana. Nimeamua. Nilimuumiza mtoto kule kliniki, kwa uzembe wangu. Halafu nikarudi."

Brashi ikasimama. "Na utaumiza wengine?"

"Nafikiri ndiyo. Hata bila uzembe. Wengine hawatanipenda."

"Na hilo haliogopeshi?"

"Linaogopesha, baba."

Alipuliza vumbi kwenye kiatu, akakigeuza kwenye mwanga, akakiweka chini kando ya mwenzake. Nilidhani atarudi kwenye habari za taipu. "Nenda umwite mama yako," alisema, "tuzungumze habari ya nauli ya kwenda kwa shangazi."

Mama alikuwa mbali, ng'ambo ya kamba za nguo, na wenzake. Nilimwita kutoka palepale mlangoni, kwa sauti kubwa hadi mama wa nyumba ya tatu naye akaitika.