Mikono Juu ya Kamba ya Nguo

Nilianza kutokwa na damu nikianika nguo nyumbani, mtaa wa Jamhuri, mimba ikiwa ya miezi minane. Sikusikia maumivu yoyote. Hospitalini daktari alinipiga skani, akasema kondo la nyuma liko mahali pake, na akakiri kwamba chanzo hakijui. Maskini, alisoma miaka yote ile bure, kumbe jibu walikuwa nalo kina mama wa kanisa letu.

Walikuja wodini wanne, na uji kwenye thamosi. Wakanieleza kwamba mwenye mimba hainui mikono juu ya kamba ya nguo. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyenionya mapema.

Damu ilirudi, mtoto akazaliwa kabla ya wakati, mwepesi kuliko pakiti ya unga. Alikaa ndani ya inkubeta wiki tatu, mimi nikiongezewa damu. Wakati wote huo hakuna aliyeuliza nguo zilikuwa za nani.

Tuliporudi nyumbani, beseni la mashati ya mume wangu lilikuwa likinisubiri mlangoni.

“Sasa mimba haipo, mwanangu,” mama mkwe akasema kwa upole. “Anika tu.”