Barua za Shemeji Zilizojiandika Zenyewe

Kazini kwake mke wangu wanamwita Mama Vitufe, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni jina la dharau. Wala. Yuko kampuni ya maji, dawati la malalamiko, na kazi yake ni kujibu barua pepe za watu waliokasirika. Maji hayatoki. Maji yanatoka machafu. Bili imekuja ya jirani. Nyumba imefungwa tangu mwaka jana na mita bado inazunguka. Watu wanaandika kila siku, na wanaandika yaleyale, tofauti ni matusi tu.

Zamani alikuwa akimjibu kila mmoja kwa vidole vyake, jioni anarudi nyumbani hawezi hata kushika mwiko. Akatengeneza violezo, yaani barua zilizokwisha kuandikwa nusu, unazitoa tena na tena, unabadilisha jina na namba ya mita. Baadaye akaona hata huko kubadilisha ni kazi ya punda. Akajifunza makro. Alinieleza tukiwa mezani, taratibu, maana mimi ni fundi wa friji na kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi.

"Makro ni kama umemfundisha mtu kazi mara moja, naye akawa anaifanya vilevile bila kuuliza," alisema. "Nabonyeza kitufe kimoja tu. Kinafungua kiolezo, kinachukua jina la mteja, kinaweka tarehe, kikiona ni asubuhi kinasema habari za asubuhi, mwisho kinatia jina langu."

"Sasa wewe wanakulipa kwa kazi gani?"

"Mimi naandika kwenye pengo."

Hapo ndipo utamjua mke wangu. Katikati ya kila kiolezo aliacha mstari mmoja wenye herufi kubwa: ANDIKA HAPA JAMBO LAKE. Na makro aliiamuru ikatae kutuma barua mpaka mstari huo ufutwe na mtu aandike neno lake mwenyewe. Wenzake walinuna. Mkuu wake wa kazi alimwambia anachelewesha foleni. Hakutikisika. Alisema mtu kakaa na mtoto mchanga bila tone la maji, ukimjibu bila kumtaja huyo mtoto atajua ameongea na ukuta. Ndivyo alivyo. Mpole, lakini akishikilia jambo utachoka wewe.

Sasa tumlete huyo mwingine. Kaka yake, shemeji yangu, tangu utoto wanamwita Bosi kwa sababu alikuwa akigawa kazi za nyumbani na yeye mwenyewe hafanyi hata moja. Siku hizi yuko ng'ambo, anauza bima. Ana ulimi mtamu, hilo simnyimi. Alikuja likizo akafikia kwetu, maana mama yao, mama mkwe wangu, tunaishi naye. Akalalamika kwamba wateja wake wanataka kuandikiwa kila mara na yeye hana muda. Mke wangu akamkalisha meza ya kulia, akamfundisha vyote, violezo na makro, mpaka chai ikapoa.

"Dada, umeniokoa," akasema. Halafu akauliza, "Na hiki kipengele cha kukataa kutuma, kinazimwaje?"

"Hakizimwi."

"Dada, bwana. Mimi si mfanyakazi wako."

Wakacheka. Akamwonyesha. Ni kaka yake, angemficha nini?

Aliporudi kwake, jamani, tukaanza kupata barua. Kila Jumapili mchana, kwa mama. Mama hakuamini. Miaka yote Bosi alikuwa mtu wa salamu za kuagizia: mwambieni mama niko bize, mwambieni mama nampenda. Leo anaandika! Mke wangu alikuwa akimsomea kwenye simu baada ya chakula, na Jumatatu anamletea ileile imechapishwa ofisini, kwa sababu mama alitaka karatasi ya kushika. Kusoma hakuweza. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, anaona ukungu tu.

Mama huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Ukali wake bado ninao mgongoni mimi ambaye hakunifundisha. Lakini upasuaji aliuogopa. Daktari alishasema ni jambo dogo, watu wanaingia asubuhi na kutoka mchana. Mke wangu alimbembeleza, mimi nikamtania, wajukuu wakamwimbia. Kila tukifikia mahali pa kukubali, inakuja barua ya Bosi, na ndani yake maneno haya: Suala la macho, mama, tusubiri nije. Nataka niwe nimekushika mkono.

"Mmesikia?" mama anasema. "Mwanangu anataka awepo. Ninyi haraka ya nini?"

Ikawa basi. Tukasubiri.

Jumapili moja mke wangu anasoma kama kawaida, mama kaegemea mto, mimi natafuta kijiti cha meno. Anasoma: "Mama yangu mpenzi, nimefurahi sana kusikia kwamba..." Akakwama.

"Kwamba nini?" mama akauliza.

"Kwamba unaendelea vizuri," mke wangu akasema, akamalizia yaliyobaki kwa sauti nisiyoijua. Akatoka nje. Nikamfuata, nikamkuta kaegemea ukuta karibu na kamba ya nguo, simu mkononi. Akanipa nisome mwenyewe. Nimefurahi sana kusikia kwamba ANDIKA HAPA JAMBO LA MAMA.

Mimi ni mzito wa kompyuta lakini hapo nilielewa mara moja. Tukaanza kurudi nyuma, barua baada ya barua. Zilikuwa nne tu, wallahi, zinazunguka, na sisi kwa furaha ya mama hatukugundua. Ikiisha ya nne inarudi ya kwanza, tarehe mpya, dakika ileile ya kutumwa. Na kila moja ilikuwa na ile ya tusubiri nije. Aliandika mara moja, pengine akimaanisha, halafu akaiacha mashine iendelee kuahidi. Mahali pa jambo la mama, kwenye nyingine aliweka sentensi inayomfaa mama yeyote duniani. Safari hii alikuwa amekifungua upya kiolezo, akasahau kujaza hata hilo.

Damu ilinipanda. "Nipe simu hapa, nimwambie mimi!"

"Ni kaka yangu," akasema. "Nitamwambia mimi."

Akampigia jioni ileile, nimesimama pembeni nasikia kila kitu.

"Kwani kosa liko wapi?" Bosi akasema. Hata hakushtuka! "Si wewe uliyenifundisha? Zamani mama alikuwa hapati kitu. Sasa anapata kila wiki, anafurahi. Nani ameumia?"

"Ameumia macho. Anakusubiri wewe."

"Basi mwambie asisubiri."

"Nimemwambia mpaka nimekauka. Hanisikilizi mimi. Andika wewe, kwa mkono wako, mistari miwili inatosha. Mwambie aende."

"Nitaandika, dada. Jumapili hii. Nakuahidi."

Wiki hiyo tukampeleka mama kliniki. Daktari akamulika jicho, akamulika la pili, akatuita pembeni. Alisema mtoto wa jicho amekomaa, amekuwa mgumu, na kila mwezi unaopita upasuaji unazidi kuwa wa hatari. Tukiendelea kungoja, jicho la kushoto huenda lisirudi kabisa. Mke wangu akamweleza mama vilevile, neno kwa neno, bila kumtisha wala kumpunguzia.

"Nimesikia," mama akasema. "Tusubiri barua ya Jumapili. Bosi atasema."

Jumapili ikafika. Barua ikaingia dakika ileile. Ilikuwa ya tatu katika zile nne. Tusubiri nije, mama. Nataka niwe nimekushika mkono.

Nimewahi kumwona mke wangu akilia msibani, na siku aliposingiziwa kazini. Siku hii hakulia. Alimwambia mama kwamba barua bado, mtandao unasumbua. Akaenda meza ya kulia, palepale alipomkalisha kaka yake, akafungua kompyuta yake kuukuu na kuifuta ile barua yote, akabakiza salamu ya juu na jina la Bosi chini. Akaanza kuandika. Nilichungulia begani kwake.

Mama, usinisubiri. Najua unaogopa kulazwa usingizi na watu usiowajua, kwa sababu baba alilazwa hivyo na hakuamka. Najua ndiyo maana unaacha mlango wa chumba chako wazi. Najua chakula kikikuponyoka unakifunika kwa khanga ili mtu asijue hukukiona. Hakuna anayekucheka, mama. Ulinifundisha kusoma kwa kuniwekea kidole chako chini ya kila neno. Nataka nione kidole hicho tena juu ya kitabu. Nenda. Mtu wako atakuwepo mlangoni.

"Mama watoto, haya ni yako. Weka jina lako."

"Nikiweka jina langu haendi."

"Lakini ni uongo."

"Wewe unataka ukweli au unataka jicho?"

Nikaenda kuchemsha chai.

Akamsomea saa ya chai. Mama alisikiliza hata hakupepesa. Akasema, "Soma tena." Akasomewa tena. Mkono wake ukawa unapapasa khanga kwenye mapaja, unakunja, unakunjua. Kisha akasema nimtafutie viatu vyake vya kufunga, vya kliniki, na tumwambie daktari kwamba yeye, mama, amepata nafasi ya kupasuliwa.

Upasuaji ulikwenda salama, macho yote mawili, moja kwanza na jingine baadaye. Mlangoni aliyesimama ni mke wangu. Aliyemtia dawa ya matone asubuhi na jioni ni mke wangu, na aliyemzuia asijikune ni mke wangu, naye akatukanwa kwa kazi hiyo. Hata hilo jicho la kushoto lilirudi, si lote, lakini la kutosha kuona sindano. Siku ya kwanza ya miwani mipya mama alizunguka nyumba nzima akitukosoa. Pazia limechakaa. Mkwe, umenenepa. Tulifurahi, acha tu.

Halafu akaomba barua zake zote.

Nilimtazama mke wangu, naye akanitazama. Angekataa vipi? Akampa. Mama akakaa dirishani na kalamu nyekundu, sijui aliitoa wapi, akasoma kutwa nzima, hataki chai, hataki maneno. Jioni akatuita.

Mezani palikuwa na bunda moja kubwa, na karatasi moja imewekwa peke yake.

"Hizi," akagonga lile bunda, "zimenakiliwa. Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu maisha yangu yote, nani atanidanganya? Huyu kaandika nne, nyingine zote anageuza tarehe. Zilipokuwa zinasomwa nilihisi, nikasema labda ni uzee wa masikio."

"Mama..." mke wangu akaanza.

"Ngoja. Sina hasira. Mtu ana kazi." Akachukua ile karatasi moja, akaishika kwa mikono miwili. "Lakini hii kaandika mwenyewe. Hii haikunakiliwa popote. Mtoto yuko mbali kote huko, na anajua kwamba naficha chakula kwa khanga. Anajua naogopa kwa sababu ya baba yenu. Nani kamwambia? Hakuna. Ni moyo wa mtoto." Kisha akamgeukia mke wangu. "Na wewe ujifunze kwa kaka yako. Uko hapa kila siku, unanilisha, unanivisha, Mungu akubariki. Lakini maneno kama haya hujawahi kuniambia."

Nilifungua mdomo. Mke wangu akanibana mkono chini ya meza, akanibana hasa.

"Sawa, mama," akasema.

"Mpigie simu nimshukuru."

Akapiga. Akaiweka sauti kubwa ili mama asihangaike nayo. Bosi akapokea, mama akamwambia yote, jinsi barua ile ilivyomtoa woga, jinsi alivyoingia chumba cha upasuaji akiirudia kichwani, jinsi anavyoiona sasa kwa macho yake. Upande wa pili nilijua anatafuta kichwani ni barua gani. Nikasema moyoni, sasa hivi, Bosi. Uwe mwanamume mara moja tu. Sema ni dada.

"Asante, mama," Bosi akasema. "Niliifikiria sana kabla ya kuiandika."

Mama akalia kwa furaha. Mke wangu akamfuta machozi taratibu, asije akagusa macho yenyewe, maana daktari alikataza.

Nilimkamata mke wangu jikoni. Nilimwambia huyo kaka yako ni mwizi, amekuibia kitu kisichorudishwa, na mimi naingia mle chumbani sasa hivi kumwambia mama aliyeandika ni nani.

"Usithubutu," akasema. "Ukimwambia, atajua kule hana mtoto."

"Atabaki na wewe!"

Aligeuka akanitazama, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

"Mimi alikuwa naye tangu zamani," akasema. "Sikumtosha."