Odessa Tarpley na Vichwa Tisini na Vinne

Saa kumi na moja na robo alfajiri, na joto la Alabama limeshaamka kabla ya majogoo. Chini ya viti vya uwanja wa Chuo cha Bascom Ford, katika chumba kisicho na dirisha, Odessa Tarpley anafungua mashine ya kukaushia nguo. Anaingiza mkono, anavuta taulo, na taulo linatoka limeota ndevu.

Analisogeza kwenye taa. Si ndevu, ni nywele.

Anavuta la pili, nywele. La tatu lina nywele pia, pamoja na msuko mzima uliojiviringisha kama mtoto wa nyoka. Mama huyu wa miaka sitini na mitatu, ambaye mwezi wa sita aliua nyoka wa kweli chumbani humo kwa ufagio na kuendelea kupiga pasi, anakaa taratibu juu ya ndoo ya sabuni.

"Yesu wangu," anasema. "Wamewanyoa."

Kunyoana ni mila ya Bascom Ford. Kila mwaka wachezaji wa futiboli ya Kimarekani walio mwaka wa nne huwakalisha wa mwaka wa kwanza kwenye viti na kuwapitishia mashine mpaka ngozi ing'ae. Akina mama hulia picha zikiwafikia, akina baba hucheka, na bibi mmoja wa mjini aliwahi kuomba nywele za mjukuu wake akajazie mto.

Lakini siku zote walinyoana Jumapili ya mwisho ya mazoezi, Odessa akiwa amearifiwa. Sasa ni Jumamosi. Saa tatu asubuhi timu inagawanywa pande mbili kwa mechi ya mazoezi, mbele ya watu elfu tatu na kamera za televisheni. Na yeye ndiye aliyewapima watoto hao helmeti mwezi wa saba, wakiwa na nywele zao zote.

"Nywele si mchezo," anasema. "Mtoto akija na msitu kichwani nampa helmeti ya msitu. Mkiukata msitu, helmeti inabaki inaelea. Akigongwa, helmeti inakwenda kusini na kichwa kinakwenda kaskazini. Ubongo ndio unaobaki unauliza njia."

Ishirini na watatu wamenyolewa, na yamebaki masaa manne kasoro. Helmeti moja, ikipimwa kwa haki, inakula dakika nane.

Odessa amefanya kazi chumbani humo miaka thelathini na mmoja. Alianza jikoni akikoroga uji wa mahindi, akahamishwa huku baada ya mpishi mkuu kuchoshwa na ulimi wake. Analipwa dola kumi na nne na nusu kwa saa. Anafua jezi, anashona majina mgongoni, na anavisha vichwa tisini na vinne. Timu inaitwa Nyigu. Msimu uliopita Nyigu hao walicheza mechi kumi na kuuma mara mbili tu.

Mwaka huu mji umepagawa. Magazeti yamewapandisha hadi nafasi ya tatu katika ligi ya vyuo tisa, na sababu ni kijana mmoja wa miaka kumi na minane kutoka mji wa Mobile, Tavarius Mabry, mrusha mpira. Wanasema mkono wake unaweza kutupa mpira kutoka kanisa la Kibatisti ukaangukia kanisa la Kimethodisti bila kumwamsha mchungaji yeyote. Kinyozi kamchora dirishani. Verlon Gaddis, muuza karanga za kuchemsha pale kituo cha mafuta, ameweka rehani boti yake kwa ajili ya tiketi za msimu mzima.

Kila Agosti Verlon humuuliza Odessa swali moja, maana anayefua nguo za watu anajua siri zao: "Bi Dessa, tutashinda ngapi?" Na kila Agosti Odessa humtajia namba, na mara nyingi namba hiyo hutimia.

Mwaka huu amekataa. "Nipe karanga zangu," anamwambia, "na mdomo wako ule chumvi."

Mji unaogopa kushindwa, naye anaogopa kitu kingine. Kitu hicho kina jina, nalo ni Coleman Pruitt.

Coleman alikuwa mlinzi wa pembeni, mtoto wa hapa hapa, mwenye adabu za kanisani. Mwaka jana, baada ya kunyoana, Odessa alipima helmeti upya kama kawaida, akamfikia wa mwisho miguu ikimwaka moto. "Iko sawa, Bi Dessa," kijana alimwambia. "Nenda kapumzike." Odessa akampiga bega, akamwachia aende.

Katika mechi ya tatu Coleman aligongwa, akaanguka, akainuka akatembea kwenda kukaa kwenye benchi la wapinzani. Watu walicheka. Odessa hakucheka.

Hivi sasa Coleman anaishi na mama yake katika nyumba yenye mapazia mazito mchana kutwa, kwa sababu mwanga unamchoma. Kila Jumapili Odessa humpelekea sahani ya pai ya pichi. Kila Jumapili Coleman humshukuru, kisha humuuliza kama wameshacheza mechi ya tatu.

Chuo kilifanya uchunguzi. Ikaandikwa kwamba helmeti haikuwa chanzo.

"Karatasi inasema si mimi," anasema Odessa, akiangalia viganja vyake. "Nami naiheshimu karatasi. Lakini mkono wangu unajua kwamba siku ile haukuzungusha."

Kuzungusha ndiyo kazi yenyewe. Helmeti inakaa vidole viwili juu ya nyusi. Unaishika kwenye vyuma vya usoni, unaizungusha kushoto na kulia. Ngozi ya paji la uso ikifuata helmeti, mtoto yuko salama kadiri mtoto anavyoweza kuwa salama katika mchezo huu. Helmeti ikienda na ngozi ikabaki, mvue.

Basi alfajiri hii anainuka kutoka kwenye ndoo, anakwenda bweni la wachezaji na pampu yake ndogo ya kujaza upepo kwenye mito ya helmeti, na kugonga mlango wa nahodha. Nahodha ni Jubal Hargett, ratili mia tatu na kumi, na wenzake humwita Friji. Friji anafungua akiwa amejifunga shuka.

"Nani kahamisha siku ya wembe?"

"Bi Dessa, habari za asubuhi."

"Sikukuuliza asubuhi. Nimeuliza wembe."

"Ilikuwa mkosi, mama. Mwaka jana tulinyoa Jumapili tukapoteza nane. Tukasema mwaka huu tunyoe Ijumaa, kabla ya chakula cha jioni, tuone."

"Na mimi hamkuniambia."

"Ungekataa."

"Kumbe akili unazo, ila umeziweka kwenye kabati la mtu mwingine. Vaa suruali. Niletee hao vipara wote, kwa mstari, sasa hivi."

"Ndiyo, mama."

Saa kumi na mbili kamili mstari umefika hadi nje. Vichwa vinang'aa kama mayai ya bata. Odessa anazungusha, anapampu, anabadilisha mito, anazungusha tena. Mmoja anasema "iko sawa," naye anamjibu: "Sikukuuliza wewe, naliuliza paji la uso lako." Wanacheka. Anamvuta anayefuata.

Wengine upepo hauwatoshi, inabidi washuke kutoka helmeti kubwa hadi ya kati. Helmeti za kati za akiba kabatini ni sita. Mara zinabaki tatu. Mara inabaki moja. Anayeichukua ni mvulana wa Tuscaloosa aliyetolewa misuko ya kumfika mabegani.

Saa tatu kasoro dakika tano amemaliza ishirini na wawili.

"Tavarius yuko wapi?"

Tavarius yuko na kamera. Tangu saa moja wamekuwa wakimpiga picha akirusha, akitabasamu, akila mikate midogo na mchuzi pamoja na wafadhili wa chuo. Mwezi wa saba alikuwa na nywele za kumtosha kondoo. Sasa amevaa kofia ya kitambaa, na chini ya kofia hiyo hamna kitu.

Anaingia akikimbia. "Bi Dessa, helmeti yangu! Wananisubiri!"

Odessa anamvua kofia, anakitazama kichwa. Anaitazama helmeti namba saba iliyo rafuni, ile kubwa. Halafu anaichukua, anatoka nayo hadi pembeni mwa uwanja mbele ya watu wote, anaiweka chini kwenye nyasi na kuikalia.

Huku hakuna mchezaji anayeingia uwanjani bila helmeti. Ni sheria. Na hakuna sheria inayosema mtu amwondoe bibi wa miaka sitini na mitatu juu ya kitu alichokikalia.

Kocha Rayburn Stroud anakuja mbio, filimbi inamrukaruka kifuani.

"Bi Dessa, mpe mtoto helmeti."

"Sina helmeti yake."

"Umeikalia!"

"Hii ni ya Tavarius mwingine. Huyo alikuwa na nywele."

"Kuna watu elfu tatu hapa. Kuna televisheni. Jaza upepo, twende."

"Upepo hautoshi, Kocha. Anahitaji ya kati, na ya kati zimekwisha. Nitaagiza Jumatatu."

"Ni mechi ya mazoezi tu! Tunacheza sisi kwa sisi."

"Wanaogongana ni Friji na huyu mtoto. Friji anajua kugonga kwa mazoezi?"

Kutoka jukwaani wameanza kupiga kelele. Mtu anapaza sauti: "Mwondoeni huyo bibi!" Sauti ni ya Verlon, na Odessa anaijua. Jasho linamtiririka, lakini miguu haijamwinua.

"Nitakufukuza kazi," Kocha anasema polepole.

"Nifukuze. Ila kwanza fanya kitu kimoja." Anainuka, anaifuta helmeti kwa aproni, anamvisha Tavarius, anamfunga kamba za kidevuni zote nne. "Shika hapo mbele. Zungusha. Mwenyewe, kwa mkono wako."

Kocha Stroud anashika vyuma. Anazungusha kidogo tu, kwa hasira. Helmeti inageuka, kichwa kinabaki, na jicho la Tavarius linachungulia kwenye tundu la sikio.

Wachezaji wa karibu wanaangua kicheko. Tavarius mwenyewe anacheka ndani ya helmeti. Kocha hacheki. Bado ameshikilia vile vyuma, anaangalia jicho lile moja. Yeye pia alikwenda kwa akina Pruitt. Yeye pia huulizwa kuhusu mechi ya tatu.

"Vua, mwanangu," anasema mwishowe. "Kakae kwenye benchi."

Watu wazima walimzomea Odessa asubuhi hiyo. Waliomzomea ni pamoja na wanawake anaoimba nao kwaya. Bila Tavarius mpira ulizunguka kama kuku asiye na kichwa, na jioni gazeti moja lilikuwa limeshawashusha Nyigu kutoka nafasi ya tatu hadi ya sita. Mume wake, Lucius, dereva wa lori la kuku, alimkanda miguu kwa maji ya chumvi.

Hakufukuzwa. Jumatano helmeti ya kati ilifika. Odessa alimkalisha Tavarius juu ya ile ndoo ya sabuni, akalowesha kipara kama jasho linavyolowesha, akamvisha, akajaza upepo, akazungusha kushoto. Ngozi ilifuata. Akazungusha kulia. Ikafuata. Akarudia mara nne.

"Bi Dessa, utaning'oa shingo."

"Shingo nitakushonea. Nyamaza."

Kijana akauliza kwa sauti ya chini, ile ambayo haikutoka kwenye kamera: "Hii ikikaa vizuri hivi, haliwezi kunipata lililompata Coleman?"

Odessa angeweza kumdanganya. Yeye kwa uongo mdogo hana upungufu. "Laweza," alimwambia. "Helmeti si Mungu. Ukiona nyota, ukisikia kengele, ukisahau namba yako, unakuja kwangu. Huendi kwa Kocha, huendi kwa Friji. Usinambie iko sawa."

"Ndiyo, mama."

Jumamosi hii mechi ni ya kweli, ugenini, dhidi ya Chuo cha Gadberry, wenye vijana wanaofanana na milango ya ghala. Odessa hajalala vizuri tangu Jumatano. Biblia iko kando ya kitanda na pampu iko juu ya Biblia.

Ana mipango miwili. Wa kwanza umeshabandikwa ukutani, umesainiwa na Friji kwa mwandiko wa mtoto wa chekechea: kuanzia mwakani wembe utatangulia, na kipimo kitafuata. Watoto watanyolewa siku ile ile wanaposhuka kwenye magari ya mama zao. Wa pili ni kusafiri na timu. Miaka thelathini na mmoja amekuwa akibaki chuoni kufua; safari hii ameomba kiti kwenye basi, na Kocha Stroud amempa cha mbele. Atasimama kwenye mstari, na hakuna atakayeingia uwanjani kabla ya mkono wake kuzungusha.

Ijumaa mchana alisimama kituo cha mafuta. Verlon alimpimia karanga bila kumtazama usoni, akamjazia kupita kipimo, kisha akashindwa kujizuia.

"Bi Dessa. Msimu huu. Ngapi?"

Odessa alimenya karanga moja, akaitafuna hadi ikaisha.

"Vichwa tisini na vinne."

"Nimekuuliza mechi."

"Na mimi nimekujibu, Verlon," alisema, akaenda zake kupanda basi.