Kengele ya Kilo Saba

Mjomba wangu Twaibu ana miaka sabini na nne, na mtaa mzima unamwita Kimbiza. Watoto wakimwamkia, "Yambo, Papa Kimbiza," ananuna kwanza, kisha anacheka kuliko wao. Amenikataza kuandika habari hii. Naiandika kwa sababu yeye mwenyewe huisimulia kwenye kila harusi, na kila mwaka anaongeza kuku.

Kilo Saba ni kituo kidogo cha treni, kilomita saba kutoka stesheni ya Kindu. Kina paa la bati, benchi moja, na kipande cha reli kinachoning'inia kwenye nguzo. Hicho ndicho kengele. Kabla ya vita mjomba alikigonga mara tatu kila treni ilipokaribia, na akina mama wakatoka na sombe, majani yao ya muhogo, na mchele wao kwenda kuuza mjini. Mkewe, Rehema, aliwauzia abiria vitumbua madirishani.

Mwaka 1998 vita vikafika na treni ikakatika. Nyasi zikafunika reli. Mjomba hakuacha kazi, alibadilisha habari tu. Akiona watu wenye bunduki wanakuja, anagonga, na mtaa unaingia msituni. Aligonga mara ngapi? Tatu zilezile! Nikimuuliza kwa nini hakubuni nyingine, anajibu, "Mukono ilishazoea." Watu nao walizoea. Kila nyumba ilikuwa na mzigo wake tayari: godoro, sufuria, kuku. Bakari seremala alikuwa anang'oa mlango wake na kukimbia nao, kwa kuwa aliuchonga mwenyewe na hakutaka mwingine aufaidi.

Vita vilipotulia, likaja neno kwa mtu wa baiskeli: treni ya majaribio itapita Alhamisi, na ndani atakuwamo mkaguzi, bwana Godefroid. Ikisimama Kilo Saba dakika kumi bila abiria kupanda, kituo kitafutwa. Mjomba alikonda kwa wasiwasi. Kituo kikifutwa, akina mama watabeba mchele kichwani hadi mjini maisha yao yote, na yeye atabaki mtu mwenye nyundo tu. Akapita nyumba kwa nyumba akihimiza: Alhamisi, jamani, vaeni vizuri!

Treni iliyochelewa miaka sita ikafika siku moja kabla. Jumatano asubuhi mjomba aliweka sikio kwenye reli, kama alivyofanya kila siku, akasikia mtetemo. Alicheza palepale peke yake. Akashika nyundo, akagonga kwa furaha yake yote mara tatu.

Kwa dakika mbili mtaa ulibaki na mbuzi mmoja. Magodoro yalionekana yakipita juu ya migomba. Treni nayo ikapiga honi, na watoto waliozaliwa vitani, ambao hawajawahi kusikia kitu kama hicho, wakawapita wazazi wao mbio.

Godefroid akashuka, akalitazama benchi tupu.

"Papa, abiria iko wapi?"

"Wanakuya, Shefu."

"Minaona mbuzi tu."

"Ile inasindikiza wengine."

Mjomba akakimbilia ukingo wa msitu. "Rudini! Hakuna adui! Ni miye Twaibu!" Hakuna jani lililotikisika. Wakati wa vita wenye bunduki waliwalazimisha mateka kuita maneno hayohayo, kwa hiyo kadiri alivyoapa ndivyo watu walivyozidi kujificha. Zilipobaki dakika nne akaanza kulia waziwazi.

Huko ndani Rehema alikuwa amekimbia na karai la vitumbua kichwani. Honi ile aliijua vizuri, lakini nani angemwamini? Akasimama, akatoa sauti yake ya zamani ya madirishani.

"Vitumbua! Vya moto, vya moto! Ukikula kimoya, utarudilia!"

Kisha Bakari akasema kutoka chini ya mlango wake, "Mutu anakimbia vita, anaita wanunuzi? Kama Rehema anauzisha, basi ile ni treni!"

Msitu ukawatoa wote kwa pamoja. Hakuna aliyekumbuka kutua mzigo.

"Pandeni!" mjomba akapiga kelele.

"Tuende wapi?"

"Popote! Pandeni!"

"Na mulango yangu?" Bakari akauliza.

"Panda na mulango!"

Godefroid alishika kofia yake kwa mikono miwili. Hajawahi kuona abiria wenye mizigo kiasi kile. Akaandika papo hapo, akasoma kwa sauti: kituo kibaki, na behewa la mizigo liongezwe. Kelele zilizopigwa mle ndani ya treni! Miaka sita walibeba magodoro yale kukimbia kifo, na leo yalikuwa yanakwenda mjini kwa treni. Walicheka mpaka wakashikana wasianguke. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na shughuli Kindu.

Treni ilipoanza kwenda, Godefroid akamwona mjomba naye ameketi katikati ya kuku, nyundo mkononi.

"Na weye, Papa, mutu wa kituo? Unaenda wapi?"

"Sijue, Shefu," mjomba akasema, machozi yakimtoka. "Nimengojea sana."

Godefroid akainuka, akamwachia nafasi yake ya dirishani.