Rejeta ya Oili Niliyomchagulia Kaka

Kaka yangu anaunda ndege Bububu, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba aliyotuachia baba. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza, halafu huuliza kama kweli itaruka, halafu huniuliza mimi kama sijachoka kumwombea dua. Ni ndege ndogo ya watu wawili, iliyokuja vipande vipande ndani ya makasha, na yeye si mtu wa kubahatisha. Alitengeneza ndege Maskati zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani. Mimi sikwenda popote. Nilibaki Mlandege kwenye duka la baba, nikarithi bisibisi zake na wateja wake, na mpaka leo natengeneza mafriji. Wateja huniita Bi Fundi. Kaka alikuwa akiniita fundi barafu.

Alilisema kwa mzaha na mimi nilicheka, lakini liliniuma. Kila alipokuja likizo alikaa dukani kwangu, akatazama nikihangaika na friji la mtu, akasema, "Hili likizimika, nyama inaoza. Ndege yangu ikizimika, watu wanaanguka." Alisema kweli. Kweli nayo huudhi.

Mwaka jana injini ikafungwa puani mwa ndege, ikabaki rejeta ya oili. Injini ile haipozwi kwa maji kama ya gari. Hupozwa kwa upepo, na oili nayo hubeba joto jingi, kwa hiyo lazima ipite mahali ipoe kabla ya kurudi ndani. Kaka alinionesha picha ya kifaa chenyewe: kisanduku cha alumini chenye vijia vyembamba vya oili ndani, na mapezi membamba ya kupitisha upepo nje. Nikacheka. Kwa sura na kwa kazi ni ndugu wa kondensa, yale mabomba ya nyuma ya friji ninayoyashika kila siku ya Mungu.

"Hii niachie mimi," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. "Haya. Nakuachia."

Sijui kama aliona nilivyofurahi. Jirani yangu mmoja pale Mlandege huleta vitu vilivyotumika kutoka Dubai, na sisi watu wa hapa tuna imani na kitu cha Dubai kuliko kipya cha dukani. Nilimwagiza, akaniletea rejeta tatu za ndege. Ya kwanza mapezi yake yalikuwa yamelala, upepo usingepita. Ya pili ilikuwa imeanza kuliwa na chumvi pembeni, na kwa hewa ya kisiwa hiki nikajua haifiki mwakani. Ya tatu ilikuwa kubwa, pana, imenyooka. Nikaisugua mpaka ikang'aa. Nikaijaza gesi, nikaitumbukiza kwenye pipa la maji, nikaikodolea macho nusu saa nzima. Hakikutoka hata kipovu kimoja.

Nilimpelekea kaka nimeifunga kwenye kanga mpya. Aliigeuza mara mbili mkononi, akaiweka juu ya meza.

"Hapa umenishinda, fundi," akasema.

Fundi, basi. Barafu hakuitaja. Nilirudi mjini na Vespa yangu nikiimba peke yangu barabarani, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, alikuja dukani mama mmoja anayeuza malai, zile barafu za maziwa wanazozililia watoto. Friza lake lilikuwa limekufa tena. Fundi mwengine alikuwa amelitia kompresa mpya, ile pampu inayosukuma gesi, haikumaliza mwezi. Nikalifungua, nikakata bomba, nikaona uchafu mweusi wenye chenga za chuma. Nikaanza kumsomesha, maana kwenye kusomesha watu sijambo.

"Bibi wewe, kompresa ikisagika, chenga zake zinakwenda kukaa kwenye kondensa. Ukitia mpya bila kuibadilisha ile kondensa, umempa mzima shuka la maiti. Na ukiona mtu anakuuzia kondensa kuukuu, muulize kwanza, ile mashine yake ilikufa kwa nini..."

Hapo nikaliweka bomba chini. Yule mama akaniuliza kama naumwa.

Mganga hajigangi. Rejeta ya kaka ilitoka kwenye ndege gani? Nani anayeng'oa rejeta nzima, iliyonyooka, akaiuza kwa bei ya kutupa, kama injini yake ingali hai? Nilikuwa nimepima kama inavuja. Ndani mna nini, sikuangalia.

Kaka alikuwa amepanga kuwasha injini Jumamosi kwa mara ya kwanza. Ningeweza kumpigia simu papo hapo. Sikumpigia, na hapa sina la kujipambia. Siku ile ya Jumatano nilijiambia kwamba yeye ni fundi wa ndege, bila shaka alishaisafisha mwenyewe. Alkhamisi nilijiambia kwamba huenda ni safi, nitamtia wasiwasi bure. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeitwa fundi mara moja tu maishani na kaka yangu, na sikutaka kulirudisha lile neno. Chakula kilinishinda. Nikikoroga chai naona ile ndege juu ya bahari, injini imekatika, na kaka anahangaika na swichi.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri nikawasha Vespa, nikaenda Bububu. Nilimkuta ameinama kwenye injini, kopo la oili mpya liko miguuni pake, bado halijafunguliwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona umesawijika?"

"Ifungue ile rejeta. Nahisi ina chenga za chuma ndani."

Hakuuliza chenga gani. Aliweka chini kitambaa alichoshika, akachukua spana, akaifungua. Mimi niliingia jikoni nikatoa bakuli jeupe la mchuzi. Tuliisimamisha rejeta, akamimina petroli kwa upande wa kutokea oili, akaitikisa, akaimwaga bakulini. Mara ya kwanza ilitoka safi, na mimi nikaanza kupumua. Mara ya pili zikatoka. Zilitua chini ya bakuli zikimeta kama magamba ya dagaa. Akapitisha sumaku, nyengine zikanasa.

"Chujio la oili lingezuia baadhi zisiingie kwenye injini," akasema. "Zote lisingeweza."

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji.

"Nani alokwambia?" akauliza.

"Friza la malai."

"Lini?"

"Jumatano."

"Leo Ijumaa."

"Najua, kaka."

Nilingoja anitukane. Ningetukanwa ningepata nafuu. Badala yake akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia, akawa anafuta mikono iliyokwisha kutakata.

"Mimi nlijua tokea siku uloileta," akasema. "Kitu cha kutumika lazima kiulizwe kimetoka wapi. Kule Maskati, injini ikifa, rejeta yake inatupwa nayo. Hata mwanafunzi anajua. Sikukuuliza."

"Kwa nini?"

"Nshakucheka miaka mingi. Nkasema nkiifungua na kuikagua mbele yako, ntakuvunja moyo. Halafu kila siku nkasema kesho."

Damu ikanipanda. Nilisimama nikampigia kelele kaka yangu mkubwa, jambo ambalo sijapata kulifanya tangu kuzaliwa.

"Ungekufa kwa kunionea huruma?"

"Na wewe ungeniua kwa kuona haya," akajibu, bila kupandisha sauti.

Nikalia. Yeye akainuka akaenda kumwaga ile petroli kwenye debe la taka, akaliosha bakuli kwa sabuni mara tatu, akasema lisitumike tena kwa mchuzi. Rejeta yenyewe aliipiga nyundo pale pale, asije mtu mwengine akauziwa.

Jumamosi injini haikuwashwa. Tulikaa wawili bandani tukachagua upya, na safari hii nilibishana naye kama fundi na fundi. Yeye alitaka kubwa kama ile ya mwanzo, kwa ajili ya joto letu. Mimi nikampimia kwa rula nafasi ya nyuma ya rejeta, nikamwonesha kwamba kubwa ingeziba njia ya hewa kutokea. Nina wateja chungu nzima wanaosukuma friji mpaka ukutani, halafu wanakuja kulalamika haligandishi. Upepo usio na pa kutokea haupozi kitu. Akafikiri, akapima mwenyewe, akakubali. Tukaagiza mpya, ndogo kidogo, pamoja na karatasi zake zote, tukakaa miezi tukiingoja.

Ilipofika, mzigo ulikuja kwa anwani ya dukani kwangu. Sikuufungua. Niliufunga nyuma ya Vespa, nikampelekea.

Kaka alitandika shuka jeupe juu ya meza. Akasoma karatasi mstari kwa mstari, akilinganisha nambari na zile zilizogongwa kwenye chuma. Akatoa miwani, akaivaa, akapitisha kurunzi kwenye kila pezi. Akaniuliza nani kaishika, imelala wapi, imepigwa na maji au la, na mimi nikajibu kila swali. Akaipima kwa presha. Akaisafisha kwa petroli na kuimwaga kwenye chombo cheupe, ikatoka safi, akaipitisha sumaku hata hivyo. Asubuhi nzima ilikwisha hivyo. Hakunisifu wala hakutabasamu. Alipomaliza akasema atairudia tangu mwanzo, na mimi nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, nikamshikia kurunzi.